Shajara ya Gati la Hastings: hisa yangu ya pauni 100

Septemba 2009

Naanza kuandika leo kwa sababu mambo ya gati hili yameanza kuchanganyika, na kila ninayemuuliza ana hadithi yake. Msomaji wa kwetu, pwani ya Lamu, asidhani ni gati la kupakulia shehena. Waingereza wa karne ya 19 walijenga magati ya kutembelea tu: unalipa langoni, unatembea juu ya maji bila kulowa, unasikiliza bendi huko mwisho, unarudi. Hili la Hastings, pwani ya kusini ya Uingereza, lilifunguliwa tarehe 5 Agosti 1872. Urefu wake ni kama mita 277. Mhandisi ni Eugenius Birch, yuleyule aliyejenga la Eastbourne hapo jirani na lile la magharibi kule Brighton ambalo siku hizi limebaki mifupa baharini.

Ukumbi wake wa kwanza uliungua 1917, wakajenga mwingine. Vita Kuu ya Pili ilipokuja wakakata kipande cha sakafu ili Wajerumani wasilitumie kushukia. Miaka ya sitini ndipo lilipovuma. Rolling Stones, The Who na Jimi Hendrix wote walipiga hapa, na wazee ninaofanya nao kazi kila mmoja anadai alikuwepo usiku wa Hendrix. Kama wote wanasema kweli, gati lingezama siku ileile.

Mwaka 1976 liliingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, daraja la pili. Kulindwa kwenyewe ni kwa karatasi: huruhusiwi kulibomoa wala kulibadilisha bila kibali, ila hakuna anayeletewa fedha za rangi. Halmashauri ya mji ililifunga 2006 kwa kuhofia usalama wa watu, likafunguliwa nusunusu mwaka uliofuata, na dhoruba ya 2008 ikamalizia. Mwenye mali ni kampuni iliyoandikishwa Panama. Ukitaka kumbishia hodi, hakuna mlango.

Wenyeji wameunda taasisi ya kulikomboa. Wanakusanya saini, wanauza fulana, wanaitisha mikutano kwenye kumbi za kanisa na baa. Nimetia saini yangu.

Oktoba 2009

Maandamano mjini. Sijawahi kuona Waingereza wakiandamana kwa ajili ya mbao na vyuma. Wazee wa viti vya magurudumu, watoto wa shule, wavuvi, watu waliojichora uso. Wanachodai ni halmashauri itumie sheria ya kununua kwa lazima, imnyang'anye mwenye mali asiyetunza, halafu gati likabidhiwe wananchi. Halmashauri inaogopa, na ukiitazama kwa haki ina sababu: ikishalichukua na fedha zisipopatikana, mzigo wote ni wa walipa kodi wa mji huu ambao si mji wa matajiri.

5 Oktoba 2010

Gati limeungua usiku wa kuamkia leo. Nilipotoka zamu harufu ya moshi ilikuwa imefika hadi juu mlimani. Wanasema asilimia 95 ya majengo ya juu yamekwisha. Kuna vijana wawili wamekamatwa.

Watu wamesimama ufukoni asubuhi nzima, wengine wanalia. Mama mmoja aliniambia alichumbiwa mle ukumbini. Sikuwa na la kumjibu, nikampa pole tu.

Novemba 2010

Ajabu ya moto ni kwamba hupanda. Uliteketeza kumbi, paa na sakafu, lakini nguzo na mihimili ya chini, kwa sehemu kubwa, imesimama. Wahandisi wameshasema bado kuna kitu cha kuokoa. Wapo wanaotaka libomolewe mara moja, kana kwamba kubomoa ni bure. Kung'oa mamia ya tani za chuma kutoka baharini, kwa mashua na kreni, kati ya maji kujaa na maji kupwa, ni mradi mkubwa wa fedha nyingi, na mwisho wake unabaki na bahari tupu.

Hoja hiyo ndiyo iliyonivuta. Mpaka hapo nilikuwa mtazamaji.

Novemba 2012

Mfuko wa Urithi wa Bahati Nasibu ya Taifa umeidhinisha pauni milioni 11.4. Hapa nchini sehemu ya fedha za watu wanaocheza bahati nasibu hurudishwa kwenye majengo ya kale, makumbusho na bustani. Wasanifu walishapatikana kwa mashindano, kampuni ya dRMM ya London. Sasa halmashauri ina nguvu ya kukamilisha ule ununuzi wa lazima, maana inaweza kuonyesha fedha ziko wapi.

Sharti la mfuko ni kwamba na wenyeji nao watoe chao. Hawataki kufadhili watu waliokaa mikono mifukoni.

Agosti 2013

Imekuwa. Halmashauri imelitwaa gati na hapohapo ikalikabidhi kwa chombo cha wananchi, taasisi ya hisani ya gati. Kutoka Panama hadi Hastings, miaka mitano ya mikutano.

Oktoba 2013

Hisa zimeanza kuuzwa. Nieleze kidogo, kwa sababu huku kwetu neno hisa huleta picha ya gawio na simu za madalali.

Hizi ni hisa za jamii. Kiwango cha chini ni pauni 100. Mwenye pauni 100 ana kura moja, na mwenye pauni 10,000 ana kura moja vilevile. Huwezi kuiuza hisa yako sokoni kwa bei ya juu. Hakuna faida ya kutegemea. Ukitaka kurudishiwa fedha zako utasubiri mpaka chombo kiwe na ziada, ikitokea. Kwa ufupi, ni mchango wenye kura ndani yake. Kwa mtu aliyekulia kwenye michango ya harusi na matanga, jambo hili si geni hata kidogo, isipokuwa huku wanakupa cheti.

Nilimpigia ami Lamu kumweleza. Ami ni fundi wa majahazi, mzaliwa wa Matondoni, mtu wa maneno machache na maswali mengi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani huko kwenye baridi?"

Nikampa habari ya gati, moto, hisa. Swali lake la kwanza: "Kuna riba?" Nikamwambia hakuna. "Haya, hilo tumelivuka. Na gati likishakuwa jipya, nani mwenye kulipa kalafati?"

Nikamwambia hili ni gati, ami, si jahazi.

"Limekaa baharini?"

"Limekaa."

"Basi lina kalafati yake, we iite jina utakalo." Akaanza kunihesabia, kana kwamba sikukulia kwenye banda lake: jahazi hupandishwa pwani, huchokolewa pamba mbovu kwenye nyufa za mbao na kutiwa mpya, huchomwa chini kuua mdudu, hupakwa shahamu na chokaa, halafu ndiyo hushushwa. Mwenye jahazi akiwa na fedha za kujengea lakini hana za kupandishia pwani, alisema, huyo hana jahazi, ana kuni.

Nimenunua hisa yangu hivyohivyo. Lakini swali la ami nimeliandika kwenye karatasi na kulipeleka mkutanoni. Nilijibiwa kwa upole kwamba gati litakodishwa kwa matamasha, masoko na sarakasi, kutakuwa na mgahawa, na mapato yatatosha kulitunza. Mpango umeandikwa vizuri, wenye michoro ya rangi.

Februari 2014

Majira ya baridi mabaya kuliko yote tangu nifike. Dhoruba moja haijatoka, nyingine imeingia. Kule Dawlish, pwani ya kusini-magharibi, bahari imebomoa ukuta na kuacha reli ikining'inia hewani. Kwetu kazi inasimama kila mara upepo ukivuma, maana mafundi hufanya kazi chini ya sakafu na bahari iko pale pale chini ya miguu yao.

Aprili 2014

Uuzaji wa hisa umefungwa. Wanahisa zaidi ya 3,000, fedha karibu pauni 590,000. Katika mradi mzima huo ni mchango mdogo kwa kiasi, hesabu ya jumla inaelekea milioni 14. Ila nguvu yake haiko kwenye kiasi. Mtu aliyetoa pauni 100 yake huenda mkutanoni, huuliza maswali, hupita pale kila Jumapili kutazama bolti zimefika wapi. Nami nimeshakuwa mmoja wao.

30 Julai 2014

Gati la Eastbourne limeshika moto mchana kweupe, watu wakiwa juu yake. Wametoka wote salama. Limenusurika sehemu kubwa. Birch wa watu, magati yake na moto ni mapacha.

Machi 2015

Leo nimeshuka ufukoni wakati wa bamvua, maji yalipopwa sana, na kamera. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa inazidi mita sita wakati wa bamvua, karibu mara mbili ya Kilindini. Ndiyo kusema nguzo moja ina maisha matatu: chini imezama daima, juu iko hewani daima, na katikati kuna kipande kinacholowa na kukauka mara mbili kwa siku. Hapo katikati, na pale mawimbi yanaporusha povu, ndipo chuma kinapoliwa. Kutu inataka maji na hewa, chumvi huichochea, na pale inayapata yote kwa zamu.

Nguzo za Birch ni za chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hiki hustahimili uzito mkubwa ukikibebesha kwa juu, na hustahimili bahari kuliko feleji ya kisasa, ila hakipendi kupigwa wala kupindwa. Hupasuka kama chungu. Na kina hila yake. Kikikaa baharini miaka mingi, chuma chenyewe huyeyuka polepole na kuacha grafaiti, ile nyeusi ya kwenye penseli. Nguzo haibadiliki umbo. Unaiona nzima, unene uleule, rangi ileile, kumbe ukiikwangua kwa kisu inachimbika. Ndiyo maana mhandisi wa magati hatembei na kamera kama mimi, hutembea na nyundo.

Mihimili ya kukingama na vile vyuma vya mshazari vinavyofunga nguzo na nguzo ndiyo iliyokuwa imeoza zaidi. Sehemu kubwa ya fedha zote inakwenda huku chini, mahali ambapo mgeni atakayekuja na aiskrimu yake hatapatazama kabisa. Wapo wanahisa wanaonung'unika kwamba "hatuoni kinachofanyika." Nawaambia washuke bamvua ijayo wavae buti.

Nimepiga picha nguzo sita za upande wa magharibi, nikaziandikia namba. Kila bamvua kubwa nitapiga hizohizo.

Septemba 2015

Walituahidi gati litafunguliwa mwaka huu. Halifunguliwi. Kilichoozea chini ni kingi kuliko kilichokadiriwa, kama ilivyo kwa kila nyumba ya kale duniani.

Juu, sakafu mpya inakwenda. Mbao ni za ekki, mti wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati, mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Nilimtumia ami picha. Akauliza kwa nini si mbambakofi. Ami akiulizwa habari ya mbao yoyote duniani atajibu mbambakofi.

Zile mbao za zamani zilizoponea moto hazikutupwa. Sehemu zimekuwa ngozi ya nje ya jengo la wageni lililoko katikati, sehemu vijana wa mjini wasio na ajira wamefundishwa useremala kwazo na kuzigeuza meza na viti vya gati. Nilishika ubao mmoja kabla haujapigwa randa. Upande mmoja ulikuwa makaa matupu, umekatika vipande vidogo vya mraba kama ngozi ya mamba, unaacha weusi kiganjani. Upande wa pili ulikuwa na rangi ya kahawia safi, na matundu ya misumari yamezungukwa na duara la buluu-nyeusi pale chuma kilipolia miaka yote ile. Seremala kijana alinionyesha anavyofanya: harandi kila kitu, anabakiza alama. Katika mambo yote ya kupunguza gharama niliyoyaona kwenye mradi huu, hili ndilo lililokuwa na akili zaidi. Mbao bila bei, ujuzi kwa kijana, na hadithi inayokaliwa na wageni bila kuhitaji kibao cha maelezo.

27 Aprili 2016

Limefunguliwa. Jumatano, upepo mkali, umati mkubwa. Kuingia ni bure.

Nimetembea mpaka mwisho na kurudi. Wasanifu hawakujenga ukumbi mpya mwisho wa gati kama ule wa zamani. Wameacha uwanja mkubwa wa mbao, wazi kabisa, bahari pande tatu. Hoja yao ni kwamba jengo kubwa kule mwisho lingekula fedha, lingepigwa na upepo na lingelazimisha gati lifanye jambo moja tu. Uwanja ukiwa wazi, leo ni tamasha, kesho soko, keshokutwa sarakasi. Katikati kuna lile jengo la wageni lenye ngazi kubwa juu ya paa ambazo watu hukaa kama jukwaani.

Mimi limenipendeza. Wengi halikuwapendeza. Wameshalipa jina, wanaliita Ubao. "Tumelipa milioni 14 tumepata ubao!" Nao waliozoea mabanda ya michezo, taa za rangi na pipi za kijiti wana haki ya kuvikumbuka. Ila kitu ambacho hakuna aliyekiuliza siku ya furaha ni hiki: uwanja usio na paa, kwenye pwani hii, una miezi mingapi ya kuingiza fedha?

Januari 2017

Miezi mingapi? Nimepita leo baada ya zamu. Mvua ya mshazari. Nilihesabu watu wanne na mbwa wawili. Mgahawa ulikuwa na taa.

Hesabu za chombo hazijakaa vizuri, tunaambiwa mkutanoni, ingawa wageni wa kiangazi walikuwa wengi. Wageni wengi wasiolipa kiingilio ni watu wengi wanaochakaza mbao. Nilisimama nikapendekeza mwenyeji aingie bure na mgeni alipe pauni moja. Nusu ya ukumbi ikapiga makofi, nusu ikanizomea kwa adabu ya Kiingereza, yaani kwa kukohoa. Wanaopinga wanasema fedha za umma zilitolewa ili kila mtu apande, na mji huu una familia ambazo pauni moja kwa kila kichwa si mchezo. Ni kweli. Lakini bima ni kweli pia, na umeme, na wapiga mbizi wa kukagua nguzo, na walinzi, na rangi. Magati hayana msimu wa kupumzika. Bahari haijali kama lango limefungwa.

Hapa mjini kuna jambo la kujifunza, nami hushangaa halisemwi. Upande wa mashariki wa mji, penye vile vibanda virefu vyeusi vya kuwekea nyavu, kuna wavuvi ambao hawana bandari. Mashua zao husukumwa moja kwa moja kutoka kwenye kokoto na kuvutwa tena juu kwa mashine kila safari. Kundi kubwa kuliko yote ya namna hiyo Ulaya. Kila siku gharama ya kupandisha mashua imo ndani ya hesabu ya samaki. Hawana mfadhili aliyewalipia kuvuta mara moja kwa fedha nyingi halafu akaondoka.

31 Oktoba 2017

Tuzo ya Stirling! Tuzo kubwa kuliko zote za usanifu majengo Uingereza, imetua kwenye Ubao. Mwaka huuhuu limekuwa pia gati bora la mwaka. Simu yangu imejaa ujumbe. Hata waliokuwa wakilisema leo wanasema "gati letu".

Novemba 2017

Taasisi yetu imewekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Wiki chache tu baada ya tuzo, sijui kama hata picha walishaitundika ukutani. Ilihitaji fedha za kuiendesha miaka mingine michache mpaka isimame kwa miguu yake, wafadhili hawakukubali kuongeza.

Nimesoma barua mara kadhaa. Wanahisa ndio wa mwisho kwenye foleni ya wanaodai. Pauni 100 zangu sizililii, nilizitoa nikijua. Kinachoniuma ni kura. Ile kura moja sawa na ya tajiri imezimika siku msimamizi alipoingia. Sasa yeye ndiye anayeamua nani atauziwa.

Ami alipopata habari hakusema, "Nilikuambia." Alisema, "Pole, mwanangu. Chombo ni chema?" Nikamwambia chema sana, ami. "Basi kitapata mwenyewe."

Machi 2018

Kundi la marafiki wa gati linachangisha fedha ili wananchi walinunue tena. Nimetoa tena, kidogo. Mikutano ina watu wengi na hasira nyingi, na mara nyingine hasira inajaa mpaka hesabu hazipati pa kukaa. Kwa hiyo nimetumia mwezi huu kusoma wengine walifanyaje.

Clevedon, pwani ya magharibi. Gati la 1869. Mwaka 1970 lilikuwa likijaribiwa uzito kwa ajili ya bima, likaanguka sehemu mbili. Wenyeji walipambana mpaka uchunguzi wa hadhara, ambako mshairi John Betjeman alikuja kulitetea. Lilifunguliwa tena 1989, lakini kichwa chake cha mwisho hakikukamilika hadi 1998. Hebu angalia miaka hiyo. Wao hutoza kiingilio. Na sakafuni kuna vibao vidogo vya shaba, kila kimoja na jina la mtu aliyelipia, kwa ajili ya marehemu, harusi, mtoto. Kila mwaka wafu wapya, harusi mpya, watoto wapya, chemchemi isiyokauka.

Ramsey, kisiwa cha Man. Gati la Malkia, lilifunguliwa 1886, mita 683, zaidi ya mara mbili ya letu, limefungwa tangu 1991. Kila aliyelikadiria kwa pamoja alipata mamilioni yasiyoshikika. Wenyeji waliojitolea wamelikodi kutoka serikalini mwaka jana kwa sharti dogo: watengeneze kwanza vipande vitatu vya mwanzo, kuanzia nchi kavu. Kipande ni kutoka safu moja ya nguzo hadi safu inayofuata. Wakimaliza, wataendelea. Wanafungua boriti kwa mikono yao, wanatafuta chuma kwa bei nafuu, wanachangisha kwa ajili ya kipande kimoja, na mchangiaji anakiona kipande chake. Likiwa halijakamilika miaka 20, basi miaka 20 yote kuna watu wanaojua kulitengeneza.

Sisi tulipata fedha zote kwa pamoja, na masharti ya fedha za pamoja ni kumaliza kwa tarehe, kufunga hesabu, kukata utepe. Mafundi waliojua kila nguzo waliondoka na mikataba yao. Siwalaumu, ruzuku hutolewa hivyo. Ila ningeambiwa leo nichague, ningeomba nusu ya milioni zile, nusu ya gati, na nusu iliyobaki iwekwe mahali izae fedha za bolti.

Nililisema hili kwenye mkutano. Bibi mmoja akaniuliza kwa ukali, "Nusu ya gati inakwenda wapi?" Nikamjibu inakwenda baharini nusu ya safari, bibi, na inarudi. Angalau alicheka.

Juni 2018

Limeuzwa. Mnunuzi ni mwenye hoteli, mwenye pia gati la Eastbourne, ambako anajulikana kwa kupenda rangi ya dhahabu. Bei iliyotangazwa magazetini ni pauni 60,000. Gati lililotengenezwa kwa milioni 14.2, haifiki hata nusu ya asilimia moja. Fedha za hisa zetu pekee zilikuwa karibu mara kumi ya bei hiyo.

Watu wanamtukana mnunuzi. Mimi siwezi kumtukana mtu kwa kununua kitu kilichowekwa sokoni. Bei ndogo ile inasema ukweli ambao mpango wetu wenye michoro ya rangi haukuusema: gati si mali yenye thamani, ni ahadi ya kulipa kila mwaka, na atakayeichukua ahadi hiyo hupunguziwa kwenye bei. Kama tungeanzia kwenye hesabu hiyo 2013, tungeuza hisa kwa kuandika: pauni 100 za kujenga, na pauni kumi kila mwaka mpaka ufe. Nadhani watu wangenunua. Nadhani hata wangefurahi.

Lile kundi la marafiki halijavunjika. Wanaendelea kukutana, kuna mazungumzo ya kuhifadhi picha, sauti za wazee na nyaraka za mradi, ili atakayekuja siku moja kulirithi asianze na sifuri.

Agosti 2018

Kazi niliyojipa ni ndogo. Nimekusanya picha zangu zote za zile nguzo sita za magharibi, tangu Machi 2015, nikazipanga kwa tarehe na namba. Rangi inaanza kutoka kwanza pale bolti inapobanana na bamba, upande unaotazama upepo; upande wa pili wa nguzo ileile bado unang'aa. Nimeandika pembeni ya kila picha maji yalikuwa wapi. Nakala moja nimewapa marafiki wa gati, nyingine nimeipeleka ofisi ya mmiliki mpya, na binti aliyeipokea aligonga muhuri wa kupokelewa. Sijajibiwa. Bamvua kubwa ni Septemba, wakati wa usiku na mchana kulingana, na buti zangu zinavuja. Inabidi ninunue nyingine kabla ya hapo.